Masikio ya Kuazima: Miaka Yangu ya Kusikiliza Ndege wa Uani

Wenzangu wawili mliorithi kiti changu cha barazani, mmeniomba niwaandikie namna ya kumtambua ndege bila kumwona. Nami naandika leo, tarehe 2 Februari 1914, mwezi mmoja na siku mbili tangu nilipokirudisha kiti hicho. Mniwie radhi mkikutana na mengi msiyoyaomba. Mliyoyaomba yamo daftarini; haya mengine sikuyaandika mle, kwa sababu daftari lilikuwa la Bwana na haya ni yangu.

Kazi yangu ilianza kwa msiba. Marehemu mume wangu alikuwa mchunaji wa ndege wa Bwana. Alimvua ndege ngozi kama mtu anayemvua mtoto kanzu, akaipaka dawa ya sumu kwa ndani, akaijaza pamba, kisha akafunga kikaratasi mguuni. Alifariki kwa homa tarehe 2 Aprili 1906. Kwetu Uluguru mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake, kwa hiyo baada ya matanga alifika Mloka, mpwa wa marehemu, kuchukua jembe la mjomba wake, panga la mjomba wake, na mimi. Nilimwambia kwamba jembe na panga vipo nyuma ya mlango. Alicheka kwa nafuu kubwa mno, nafuu ambayo sijamsamehe kikamilifu hadi leo. Tangu siku ile, kila aliponiona mbele za watu, aliniita "mke wangu" kwa sauti ya kuvusha mto.

Arobaini ilipokwisha, Jumatatu tarehe 14 Mei 1906, nilikwenda kwa Bwana. Alikuwa Mjerumani aliyesimamia shamba la miche chini ya mlima, na watu walimwita Bwana Kwinini. Alikuwa amekunywa kwinini kwa miaka mingi, kwa imani kubwa kuliko aliyoionyesha kanisani, hata masikio yake yakawa yanavuma mchana kutwa na hayasikii kitu kingine. Homa haikumuua. Ilimwachia uhai, pamoja na hamu ya kuorodhesha nyimbo za ndege asizoweza kuzisikia.

"Mume wako amekufa," alinipigia kelele, kana kwamba kiziwi nilikuwa mimi. "Pole. Unataka nini?"

"Nataka kazi, Bwana."

Aliweka sikioni pembe yake ya shaba ya kusikilizia. "Ya kufua?"

"Ya kusikiliza."

Mpishi alikuwa akipita na sinia. Alicheka hadi vikombe vikacheka naye. "Bwana, mama huyu anataka kuajiriwa kukaa!"

Bwana hakucheka, kwa kuwa hakusikia. Aliniketisha nikiutazama ukuta, akachukua darubini, akatafuta ndege kwenye ua kwa macho, akanitaka nimtaje anayeimba. Nilisema shore, alikuwa shore. Nilisema tetere, alikuwa tetere. Nilisema chozi, tena dume, tena ana hasira. Bwana alitazama muda mrefu, kisha akauliza hasira nimeijuaje. Nikamwambia kwamba nimewahi kuishi na mume. Nilianza kazi siku ileile.

Masikio yangu yalifunzwa dunguni. Dungu ni kile kichanja kirefu cha kukalia mtu anapoamia ndege, yaani kuwafukuza, nafaka inapokaribia kuvunwa. Bibi yangu mzaa mama, kule Mgeta, alinipandisha juu yake nikiwa bado na meno ya utoto. Aliketi akinipa mgongo, akisuka ukili, na kila ndege alipolia aliuliza neno moja tu: "Nani?" Nilipokosea alisema, "Vizuri. Jioni utakula alichotuachia." Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwa maneno machache kuliko hayo. Lakini somo lake lilikuwa na tundu ambalo sikuliona kwa miaka mingi. Ndege asiyekula nafaka, bibi hakuuliza jina lake. "Huyo?" alisema. "Huyo mwache. Hana shida na sisi."

Sasa yale mliyoyaomba. Ketini kabla jua halijachomoza, mkiutazama ukuta. Macho ni mashahidi wadaku. Yakiona jani limetikisika hulipa jina. Achameni kidogo. Mtaonekana wajinga, lakini mtasikia vizuri zaidi, na kati ya hayo mawili mimi nilichagua kusikia. Vueni bangili. Msitafune karanga kazini. Shikeni kwanza mdundo, halafu ndipo mfuate sauti, maana sauti hubadilika na umbali ila mdundo haubadiliki. Shore huongea kama mtu anayebishana baada ya kushinda. Tetere hurudia neno lake kama mama mkwe aliyeulizwa nani ametia chumvi. Dudumizi hutoa sauti ya maji yanayomiminwa kutoka mtungi wa shingo nyembamba, na watu watawaambia kwamba anaita mvua. Huita pia siku ambazo mvua haiji, ila siku hizo hakuna anayezikumbuka. Bwana aliniuliza watu wetu husema tetere anasema nini. Nilimpa maneno ya adabu. Yale ya jikoni nimeyaacha jikoni.

Mwaka wa kwanza niliyatunza yote kichwani, na Bwana akaandika. Kwa hakika aliandika kile alichodhani nimesema. Ndiyo maana Jumatatu tarehe 4 Februari 1907, nikiwa mjane mwenye mvi mbili ninazozijua na nyingine nisizozijua, niliketi katika shule ya misheni katikati ya watoto waliokuwa wakipoteza meno.

"Shikamoo bibi," mmoja aliniambia. "Umekuja kumchukua nani?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma."

Alinihurumia, akanisogezea kibao chake. Sista aliyetufundisha alitumaini kunibatiza, nami nilitumaini kuandika. Nilipata herufi kabla ya Krismasi, na ubatizo Pasaka iliyofuata. Nakiri kwamba kwa mpangilio huohuo ndivyo nilivyovihitaji. Lakini kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa tarehe. Kwetu tulisema "mwaka wa nzige" au "ile mvua ya pili", na kila mtu alikuwa na nzige wake. Sasa niliweza kumfunga ndege mguu kwa siku yake, asitoroke. Niliandika tarehe na saa kila mahali, hata juu ya mtungi wa chumvi.

Kufikia mwisho wa mwaka 1910 orodha yetu ya ndege wa uani waliotambuliwa kwa sauti ilikuwa na majina thelathini na moja. Bwana aliipeleka kwao, ikachapwa katika jarida la wataalamu. Jina langu halikuwamo. Niliitwa, kama alivyonisomea, "msaidizi mwenyeji mwenye masikio ya kuaminika". Nilimwomba aisome mara ya pili. Mara ya tatu niliiomba kwa sababu mpishi alikuwa hajaisikia.

Sasa nafika Jumanne tarehe 18 Julai 1911, saa tisa na dakika ishirini mchana.

Shamba lilikuwa na msimamizi kutoka pwani, mtu nadhifu aliyejivunia mluzi wake wa vidole viwili. Ulikuwa na ngazi tatu, kila moja juu ya nyingine, na mwishoni aliuongezea kikonyo kidogo cha madoido. Ulipigwa saa kumi na moja jioni, na hapo watu arobaini waliweka majembe begani wakaenda makwao. Siku ile ulipigwa saa tisa na dakika ishirini. Watu waliondoka kabla haujamalizika, kwa bidii ambayo kazi haikuwahi kuiona. Msimamizi mwenyewe alikuwa chooni. Alisikia mluzi wake ukipigwa na mwingine, na hali aliyokuwamo haikumruhusu kutoka kupinga.

Alipotoka alikuta shamba tupu. Vikapu vya miche iliyokuja kwa gari moshi vilikuwa wazi juani, mizizi nje, tayari kupandwa. Kabla ya magharibi miche yote ilikuwa imekufa. Bwana alighadhibika. Msimamizi akamtaja Mloka kabla hajaulizwa, maana Mloka, aliyekuwa kibarua pale shambani, aliweza kuiga mwendo wake, kikohozi chake, na namna alivyovuta suruali kabla ya kutoa amri. Hukumu ilikuwa fupi. Mloka afungiwe katika ghala la mbegu, na Ijumaa asubuhi apelekwe bomani na barua, akapigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kiboko.

Mimi nilikuwa barazani saa ile, kalamu mkononi. Mluzi haukutoka shambani. Ulitoka kwenye kichaka nyuma ya jiko, chini chini, kimo cha goti. Ulipokwisha, sauti ileile, bila kuvuta pumzi, ikalia kekeo. Kisha ikalia shore. Kisha ikalia mlango wa banda la kuku, ule wenye bawaba mbovu, na mlango wenyewe nilikuwa nikiuona, umefungwa.

Jioni ile nilifungua madaftari yangu. Kekeo ni ndege wa mvua. Huja na vuli na kuondoka baada ya masika. Mtoto yeyote wa Mgeta anajua. Nami nilikuwa nimeandika kekeo tarehe 9 Julai 1908, kekeo tarehe 22 Juni 1909, kekeo tarehe 3 Agosti 1910, katikati ya kipupwe, kwa mwandiko mzuri uliopigiwa mstari. Na kando ya kila kekeo wa namna hiyo, siku ileile, saa ileile, nilikuwa nimeandika pia: kurumbiza. Ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, mpenda vichaka, asiyegusa punje moja ya mtama. Bibi hakuwahi kuniuliza habari zake. Kekeo na majina mengine sita sikuwahi kuyaandika bila yeye kando; nilikuwa nimemhesabu yeye mara moja, na uigaji wake mara saba. Ndege saba katika ile orodha iliyochapwa walikuwa mtu mmoja, tena mcheshi.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda ghalani, nikabisha hodi kwenye mbao.

"Karibu, mke wangu! Umeniletea uji?"

"Nimekuletea swali. Ni wewe uliyepiga?"

"Ningekuwa mimi ningepiga saa mbili asubuhi. Mtu mwenye akili zake anaiba muda wa saa moja na nusu tu?"

"Nakuuliza kwa dhati, Mloka."

Alisogea mlangoni. Kisha akasema, karibu na ufa wa mbao, "Si mimi, mama." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Mwaka juzi nilipigwa kwa kosa la mwingine. Nililala kifudifudi wiki tatu. Mgongo huu hadi leo hauinuki vizuri. Wakinipiga tena, sijui kama nitashika jembe." Akaongeza: "Usiwaambie wenzangu kwamba nimesema hivyo."

Nitakuwa mwongo nikiandika kwamba nilitoka pale moja kwa moja kwenda kwa Bwana. Nilikwenda nyumbani, nikabandika maharage, nikatafuta njia ya kumwokoa Mloka bila kuigusa orodha. Maharage yaliiva; njia haikupatikana. Kusema kwamba mluzi ule ni wa kurumbiza kulimaanisha kusema kwamba kekeo pia ni wa kurumbiza, na kwamba masikio ya kuaminika yalikuwa yamedanganywa kwa miaka mitatu na ndege anayeishi nyuma ya jiko.

Alhamisi tarehe 20 Julai nilipanda barazani na madaftari yote. Watu wengine huungama kwa padri, nyuma ya pazia, kwa kunong'ona. Mimi ilinibidi niungame kwa pembe.

"Bwana, mluzi ule ni wa ndege!"

"Nini?"

"Ndege! Kurumbiza! Ameuiga!"

"Kurumbiza yumo katika orodha."

"Yumo! Na kekeo wa Julai ni yeye! Na wengine sita ni yeye! Nilikosea!"

"Ulifanya nini?"

"NILIKOSEA!"

Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Kule bondeni majembe yalisimama. Naamini hata kwenye njia ya Mlali kuna aliyesikia.

Msimamizi alikuja mbio. "Bwana, huyu anamtetea mumewe. Shamba zima linajua Mloka humwita mke."

"Msimamizi," nilimwambia, "ningekuwa nachagua mume, nyote wawili msingefika mlangoni."

Bwana alifunua madaftari, tarehe baada ya tarehe. Alikuwa mtu wa ukali, lakini alijua kusoma, na niliona uso wake ukiteremka ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe aliuliza swali ambalo ningeliuliza mimi.

"Kama ulikosea kwa kekeo, nitajuaje kwamba hukosei sasa?"

"Masikio huna, Bwana," nilisema kwenye pembe, "lakini macho unayo."

Mpishi alikohoa vibaya. Bwana akaniruhusu nieleze.

Saa nane mchana tuliketi barazani kwenye ubao mrefu, watu wanne: Mloka aliyetolewa ghalani, msimamizi, mpishi, na mimi. Kila mmoja alijaza maji mdomoni, mashavu yakatuna, ili asiwepo wa kupiga mluzi. Bwana alisimama mbele yetu na darubini. Wafanyakazi bondeni waliambiwa walime tu. Barua ya bomani ilikuwa mezani, imekwisha kufungwa.

Sijawahi kukaa katika ukimya wa namna ile. Msimamizi alimeza maji yake mara mbili, ikabidi ajaziwe upya. Mpishi alivuja. Mloka alinitazama, mashavu kama ya chura, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hakuwa na la kuniambia. Kurumbiza aliimba shore. Akaimba mlango wa kuku. Akaimba tetere, kwa ustadi kuliko tetere. Aliimba kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika, nami nilikuwa na maji mdomoni, siwezi hata kumtukana. Saa tisa ikapita. Bwana, ambaye kwake uwanja mzima ulikuwa kimya, alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akaitazama na barua.

Saa tisa na dakika thelathini na tano mluzi ulipigwa. Ngazi tatu, na kikonyo.

Kule bondeni migongo arobaini ilinyooka kwa pamoja. Baada ya yale ya Jumanne hakuna aliyethubutu kuondoka. Walisimama tu, wakageuka, na nyuso zao hazikuelekea njiani anakosimama msimamizi siku zote. Zilielekea kichaka nyuma ya jiko. Bwana aliziona. Alitutazama sisi, mashavu manane yaliyojaa. Kisha akafuata macho ya watu wale kwa darubini yake, polepole, hadi kichakani, akakaa hapo.

"Koo lake linatetemeka," alisema. Alisema kwa sauti ya chini. Sikujua kwamba alikuwa nayo.

Mloka akacheka, na maji yake yote yakaangukia viatu vya Bwana. Bwana alivitazama viatu. Halafu akachukua barua mezani, akaichana mara mbili, akavifutia.

Siku iliyofuata alinipa kalamu na rula. Nilikata majina saba kwa mkono wangu mwenyewe, na kando ya kila moja nikaandika tarehe. Aliandika pia barua kwa wenye jarida. Alinisomea kwa Kiswahili, ila sehemu moja aliisoma kwa Kijerumani, haraka sana, na Kijerumani changu hakifiki huko. Niliendelea na kiti changu miaka miwili na miezi mitano mingine. Sikuitwa tena mwenye masikio ya kuaminika, nami nikawa nasikia vizuri zaidi.

Msimamizi aliacha vidole vyake akatundika kipande cha chuma cha reli, kikawa kinagongwa saa kumi na moja. Lakini kurumbiza hakuarifiwa kuhusu mabadiliko hayo. Aliendelea kupiga mluzi wake kati ya saa tisa na saa kumi, na baada ya mluzi, nyimbo zake zote nyingine. Kila mtu shambani alijua ni ndege. Hata hivyo, kila alipoanza, watu arobaini walinyoosha migongo, wakaegemea majembe, wakasimama hadi amalize, naye si mtu wa kumaliza upesi.

Msimamizi alipanda barazani kushtaki.

"Bwana, watu wanaacha kazi!"

"Kwa nini?"

"Ndege anaimba, Bwana!"

Bwana aliweka pembe sikioni, akaielekeza kichakani, akasikiliza muda mrefu kwa uso wa mtu anayefanya kazi yake kwa uangalifu. Kule bondeni Mloka alikuwa wa kwanza kuunyoosha mgongo wake, mikono kiunoni, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mkeka wa zamani.

"Mimi sisikii kitu," Bwana alisema, akaingia ndani.

Nikatazama saa, nikaandika: kurumbiza, mmoja.